Aprili ya besiboli na vichwa vya hoki: hesabu mbili tunazozichanganya

Jumamosi ya tarehe 29 Machi 2025, kwenye uwanja wa timu ya New York Yankees kule Bronx, mrushaji wa Milwaukee Brewers, Nestor Cortes, alirusha mpira wake wa kwanza wa siku na Paul Goldschmidt akaupiga ukavuka uzio. Akarusha wa pili kwa Cody Bellinger, nao ukavuka. Wa tatu ulimkuta Aaron Judge, na haukurudi. Mipira mitatu, homurani tatu (ndilo jina la pigo linalovuka uzio), na watu bado wanatafuta viti vyao. Mchezo ulikwisha 20 kwa 9, Yankees wakiwa wamepiga homurani 9, rekodi mpya ya klabu yenye historia ya zaidi ya miaka mia moja. Kufikia Jumatatu wapenzi wa besiboli walikuwa na mazungumzo ya kitu kimoja tu: gongo jipya lililonenepa mahali pasipozoeleka, ambalo limepewa jina la topido. Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 15 Februari, Marekani na Kanada zilikutana Montreal kwenye hoki ya barafu, na saa ya mchezo ilikuwa haijatimiza sekunde 10 wachezaji walipokuwa wameshapigana ngumi mara tatu. Huko nako mjadala ukawaka. Ngumi zimerudi, wakasema. Wengine walishangilia, wengine walilaani.

Mijadala hii miwili, kwa maoni yangu, imepotea njia, na imepotea kwenye njia panda ile ile. Besiboli ni mchezo ambao msimu wake mrefu husahihisha mambo: bahati ya Aprili hufutwa na Julai, na aliyeng'ara wiki mbili hurudi kwenye kimo chake halisi. Hoki nayo ina msimu mrefu, lakini ndani yake kuna hesabu nyingine, hesabu ya kichwa cha mchezaji, ambayo urefu wa msimu hauifuti bali unailimbikiza. Sisi mashabiki tumezigeuza. Tunakimbilia kuhukumu gongo baada ya michezo mitatu, mahali ambapo kusubiri hakutugharimu chochote, halafu tunakuwa na subira ya ajabu mtu akigongwa kichwa barafuni, tunasema "atarudi tu", mahali ambapo kusubiri ndiko kunakoua. Na kwa kuwa macho yetu yanafuata ngumi, hatuoni kikumbo kinachomharibu mtu.

Naandika kutoka Minnesota, jimbo lenye msimu wa baridi mrefu, ambako mwezi wa Aprili michezo hii miwili hukutana: besiboli inaamka na hoki inaingia kwenye mchujo wa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi kuu ya hoki, NHL. Najua wasomaji wengi wa Kiswahili wamelelewa na soka, kwa hiyo nianze na kipimo tunachokielewa sote. Timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, MLB, hucheza michezo 162 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Michezo mitatu kati ya hiyo haifiki hata asilimia mbili. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara, yenye mechi 30 kwa kila timu, ni sawa na kumtangaza bingwa baada ya dakika hamsini za mechi ya kwanza ya msimu, hata filimbi ya mwisho haijapulizwa. Hakuna shabiki wa Simba au Yanga anayeweza kukubali ujinga huo, hata kama timu yake inaongoza mabao matatu.

Tatizo si uchache wa michezo peke yake. Besiboli ina bahati nyingi ndani ya kila tukio kuliko michezo mingi ninayoijua. Mpigaji anaweza kuupiga mpira kwa nguvu zote ukaelekea moja kwa moja kwenye glavu ya mtu, na mwingine akaukwaruza vibaya ukaangukia katikati ya watu watatu na akafika kituo cha kwanza akiwa salama. Chukua mpigaji wa kawaida ambaye uwezo wake halisi ni kufanikiwa mara moja katika kila mara nne. Mpe zamu 50, ambazo ni kama wiki mbili za kazi. Unategemea afanikiwe mara 12 au 13. Lakini bahati tupu inaweza kumshusha hadi 9 au kumpandisha hadi 16 bila yeye kubadilika chochote, bila gongo jipya, bila kocha mpya. Wa 9 anaandikwa 0.180, yaani 9 kugawanya kwa 50, na magazeti yanauliza kama kazi yake imekwisha. Wa 16 anaandikwa 0.320 na watu wananunua jezi yake. Ni mtu yule yule.

Historia ya mchezo imejaa watu wa namna hiyo. Siku ya ufunguzi mwaka 1994, Tuffy Rhodes wa Chicago Cubs alipiga homurani tatu dhidi ya Dwight Gooden, mmoja wa warushaji mashuhuri wa kizazi chake. Msimu mzima ulipokwisha alikuwa na 8 tu. Mwaka 2006 Chris Shelton wa Detroit Tigers alikuwa na homurani 9 katika michezo 13 ya kwanza. Kabla Agosti haijaingia alikuwa ameshashushwa ligi ya chini, na aliumaliza mwaka akiwa na 16. Kwa timu ni hivyo hivyo. Milwaukee Brewers walianza mwaka 1987 kwa kushinda michezo 13 mfululizo, na hawakufika mchujo. Tampa Bay Rays waliifikia rekodi hiyo mwaka 2023, wakatolewa kwenye mchujo kwa michezo miwili tu. Washington Nationals wao mwaka 2019, mwezi Mei, walikuwa wameshinda michezo 19 na kupoteza 31, na watu walikuwa wanadai kocha afukuzwe. Oktoba walibeba ubingwa wa dunia. Kwa hiyo mwaka 2025 Atlanta Braves walipopoteza michezo yao saba ya kwanza, na Los Angeles Dodgers walipoanza kwa kushinda minane, nilichofanya ni kuyasoma matokeo na kuendelea na kazi zangu.

Sasa turudi kwenye gongo. Topido si uchawi wala udanganyifu. Kanuni inataka gongo liwe la mti mzima mmoja, kipenyo kisizidi inchi 2.61, urefu usizidi inchi 42. Ndani ya mipaka hiyo fundi anaruhusiwa kugawa mbao anavyotaka. Aliyekuja na wazo hili, Aaron Leanhardt, alisomea fizikia kwenye chuo cha MIT kabla ya kuingia kwenye besiboli, na hoja yake ni nyepesi: ikiwa mpigaji fulani hugusa mpira mara nyingi karibu na nembo ya kiwanda kuliko karibu na ncha, kwa nini mbao nene ikae nchani ambako mpira haufiki? Isogeze. Anthony Volpe wa Yankees alikuwa mtu wa namna hiyo, naye akapata gongo linalomfaa. Ligi ilithibitisha kwamba ni halali. Wanaosema ni wizi wanashikilia hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu inaanguka kwa jina moja: Judge. Mtu aliyefanya maangamizi makubwa Jumamosi ile, aliyepiga homurani tatu peke yake, hakutumia topido. Alitumia gongo lake la siku zote. Ukiondoa homurani zake, na ukaondoa siku mbaya ya Cortes aliyepigwa homurani 5 katika vipindi viwili, hadithi ya gongo la ajabu inabaki na nyama kidogo sana.

Lakini kuna hoja nyingine yenye uzito, na sitaki kuipita. Elly De La Cruz wa Cincinnati alilijaribu topido siku mbili baadaye, akapiga homurani mbili katika mchezo mmoja. Wapo wanaosema kwa haki kabisa kwamba mchezo wa Aprili unahesabika sawasawa na wa Septemba: ushindi ni ushindi, na timu zimewahi kukosa mchujo kwa mchezo mmoja walioupoteza kizembe majira ya machipuko. Hilo ni kweli. Ila kuhesabika kwenye msimamo ni jambo moja, na kutuambia nini kitatokea kesho ni jambo lingine. Yankees wenyewe, baada ya homurani 15 katika michezo mitatu, idadi iliyoifikia rekodi ya ligi, walipoteza miwili kati ya mitatu iliyofuata, nyumbani, dhidi ya Arizona, magongo yakiwa yale yale. Huenda topido lina faida ya kweli, ndogo, kwa wapigaji fulani. Nitalijua jibu nikiona maelfu ya zamu. Nikisubiri hadi Agosti nikakuta nilikosea, nitakuwa nimepoteza nini? Hakuna.

Kuna pia baridi, ambayo watu wa pwani wanaweza wasiifikirie. Hewa baridi ni nzito, na mpira hauendi mbali ndani yake. Nimekaa kwenye uwanja wa Target Field, Minneapolis, jioni ya Aprili, blanketi magotini, nikaona mpira ukipigwa kwa mlio ambao Julai usingehitaji hata kutazamwa. Watu tukasimama. Ukapanda, ukapanda, kisha ukawa kama umechoka, ukaanguka kwenye glavu ya mtu aliyeegemeza mgongo kwenye uzio. Mpigaji alikuwa ameshafika nusu ya njia. Alisimama, akatazama juu, akarudi benchi akivua glavu zake polepole. Aprili haimpi kila mtu haki yake, na ndiyo maana ipo miezi mingine mitano.

Hoki sasa, na hapa naomba msomaji asahau utulivu huo wote.

Kwa asiyeujua mchezo: watu watano kila upande na kipa, viatu vya chuma, fimbo mkononi, kisahani cha mpira mgumu kinachoteleza kwa kasi, na ukuta pande zote. Kumpiga kikumbo mwenye kisahani ni halali. Kupigana ngumi si halali, lakini kwenye ligi kuu ya NHL adhabu yake ni dakika tano za kukaa nje, kisha unarudi. Kwa miaka mingi kila timu ilikuwa na mbabe wake, mtu aliyelipwa hasa kwa ngumi. Hilo limepungua sana. Msimu wa 2008-09 kulikuwa na mapambano zaidi ya 700 katika michezo 1,230. Misimu ya karibu na 2025 ilikuwa na kama 300 katika michezo 1,312. Kwa hiyo waliotazama sekunde zile za Montreal wakasema ngumi zimerudi walihukumu kwa sekunde 9 jambo ambalo miaka kumi na tano inasema kinyume chake. Ni kosa la topido hilo hilo, limevaa viatu vya barafu.

Wapenzi wa ngumi wana hoja wanayoirudia kila msimu: ngumi ni ulinzi. Mbabe akiwepo, wanasema, hakuna atakayethubutu kumuumiza nyota wetu, maana atajua kuna wa kumjibu. Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, waliocheza tangu utotoni, na naelewa inatoka wapi. Mwamuzi haoni kila kitu, na mchezaji aliyepigwa fimbo ya mkono kwa siri anataka haki yake leo. Lakini ipeleke kwenye matukio yenyewe uone kama inasimama. Februari 2004, Steve Moore wa Colorado alimpiga kikumbo nahodha wa Vancouver, Markus Naslund, akamuumiza kichwa. Timu hizo zilipokutana tena Machi 8, Moore alipewa changamoto ya ngumi na Matt Cooke wa Vancouver, akaikubali, wakapigana. Kwa sheria isiyoandikwa ya wachezaji, deni lilikuwa limelipwa. Haikutosha. Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akampiga ngumi ya upande wa kichwa na kumwangukia. Moore alivunjika mifupa mitatu ya shingo na hakucheza tena hoki ya kulipwa. Bertuzzi alikiri kosa mahakamani. Ngumi ya kwanza haikuzima moto, na kisasi kilichofuata kilimaliza kazi ya kijana aliyekuwa ameshaukubali utaratibu wao.

Huyo Matt Cooke anatokea tena miaka sita baadaye, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Machi 7, 2010, akiwa Pittsburgh, alimpiga Marc Savard wa Boston kikumbo cha kichwa baada ya Savard kuachia kisahani. Savard alitolewa kwa machela. Mwamuzi hakupuliza filimbi, na ligi haikumfungia Cooke hata mchezo mmoja, kwa sababu wakati ule kikumbo cha namna ile hakikuwa kimekatazwa waziwazi. Siku kumi na moja baadaye timu hizo zilirudiana Boston, na mbabe wa Boston, Shawn Thornton, akapigana na Cooke mapema kabisa. Uwanja ulilipuka kwa furaha. Haki imetendeka, watu walisema. Mei Savard alirudi uwanjani, na katika mchezo wake wa kwanza akafunga bao la ushindi la muda wa nyongeza dhidi ya Philadelphia. Amepona, tukasema. Januari 2011, kule Denver, alipigwa kikumbo kingine, cha kawaida kabisa, cha aina inayotokea mara nyingi kila usiku. Alijishika uso barafuni. Hakucheza tena, alikuwa na miaka 33. Hesabu vitu vitatu hivyo: ngumi ya Thornton iliyoshangiliwa haikumsaidia chochote, kikumbo cha kwanza hakikupigiwa filimbi, na kikumbo cha pili hakikuwa na kosa. Katika yote hayo, kilichopigiwa kelele ndicho kilichokuwa na maana ndogo kuliko vyote. Na jambo lingine linalonisumbua kwa wanaotetea ngumi kama ulinzi: mchujo ukianza, michezo ikiwa mikali kuliko wakati wowote, ngumi hupungua. Kama kweli ndizo zinazowalinda nyota, timu zingeziweka kando siku ambazo nyota wanahitajika zaidi?

Nisieleweke kwamba ngumi hazina madhara. Don Sanderson alikuwa na miaka 21 alipoanguka akipigana kwenye ligi ya wakubwa ya Ontario, kofia ikiwa imetoka, kichwa kikapiga barafu. Alifariki Januari 2, 2009. Na hapa Minnesota tulikuwa na Derek Boogaard. Aliichezea timu yetu, Minnesota Wild, kuanzia 2005 hadi 2010, jitu la zaidi ya futi sita na nusu, na akina mama na watoto walivaa jina lake mgongoni. Katika michezo 277 ya NHL alifunga mabao matatu. Alilipwa kwa mikono yake, na mikono ikaharibika, mgongo ukaharibika, kichwa kikapigwa, akaingia kwenye vidonge vya maumivu. Pambano lake la mwisho lilikuwa Ottawa, Desemba 2010, akiwa na New York Rangers. Mei 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Minneapolis, kwa mchanganyiko wa dawa na pombe, akiwa na miaka 28. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kupigwa kichwa mara kwa mara. Nilimshangilia mtu huyo. Kwa hiyo ndiyo, ngumi ziondoke. Ligi ya vijana ya Quebec iliamua mwaka 2023 kwamba anayepigana anatolewa nje ya mchezo, na hoki imeendelea kuchezwa huko. Ninachokataa ni wazo kwamba tukizifuta ngumi kazi imekwisha. Mlango mkubwa bado uko wazi, na kwenye mlango huo hakuna anayevua glavu ili apigane.

Besiboli yenyewe inaweza kutufundisha hilo, tena kwa watu wa hapa hapa. Mwaka 2010 Justin Morneau wa Minnesota Twins alikuwa na msimu bora wa maisha yake, 0.345 katika michezo 81. Julai 7, kule Toronto, alijitupa kwenye kituo cha pili na goti la mpinzani likampiga kichwani. Msimu wake uliishia hapo. Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Joe Mauer, mtoto wa St. Paul, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, bingwa wa upigaji wa ligi yake mara tatu. Agosti 2013 mpira uliokwaruzwa na gongo ulimpiga kwenye kinga ya uso. Hakuna aliyepigana. Hata mlio haukuwa mkubwa, na mipira ya aina hiyo ilikuwa imeshampiga mara nyingi kwa miaka kumi. Hakurudi tena kwenye kazi ya udakaji. Wastani wake, uliokuwa 0.324 mwaka ule, ulishuka hadi 0.277, kisha 0.265, kisha 0.261. Na sisi tulifanya nini? Tulinung'unika kwamba analipwa mamilioni bure. Tulizisoma namba zake kama tunavyosoma namba za Aprili, tukangoja zirudi zenyewe. Msimu mrefu unaosahihisha kila kitu haukusahihisha hilo.

Lakini besiboli ilifanya jambo ambalo hoki inalifanya kwa kusuasua. Mwaka 2011 iliweka orodha maalumu ya majeruhi, ya siku saba, kwa aliyeumia kichwa, ili timu isijaribiwe kumrudisha haraka. Mwaka 2014, baada ya Buster Posey wa San Francisco kuvunjwa mguu kwenye mgongano wa kituo cha nyumbani mwaka 2011, ilikataza mkimbiaji kumvamia mdakaji kwa makusudi. Mgongano ule ulikuwa umeitwa "sehemu ya mchezo" kwa zaidi ya karne. Wazee walisema besiboli imelainika. Zaidi ya miaka kumi imepita, na sijasikia mtu akidai urudishwe.

Msomaji makini atanikamata hapa. Ataniuliza: wewe unayetukataza kuhukumu gongo kwa michezo mitatu, mbona unahukumu hoki kwa bongo chache zilizotolewa na familia baada ya kifo? Ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili, na kamishna wa NHL, Gary Bettman, ameishikilia kwa miaka: kwamba uhusiano kati ya mchezo na CTE haujathibitishwa. Mwaka 2018 ligi ilimalizana na wachezaji wa zamani 318 kwa takriban dola milioni 18.9, bila kukiri kosa lolote. Ni kweli kwamba CTE huthibitishwa baada ya kifo tu, na ni kweli kwamba familia inayotoa ubongo wa mpendwa wao uchunguzwe mara nyingi tayari iliona dalili, kwa hiyo sampuli si ya wachezaji wote. Nalikubali hilo lote. Ila ulizo la kwanza kwenye jambo lolote lenye shaka ni hili: nikikosea, nani analipa? Nikikosea kuhusu topido, warushaji watateseka miezi michache kisha kanuni itabadilishwa. Nikikosea kuhusu kichwa kwa kusubiri ushahidi ukamilike, anayelipa ni mtu wa miaka 33 asiyeweza kukaa kwenye chumba chenye mwanga, na hakuna Julai itakayomrudishia. Kiasi cha ushahidi ninachokidai kinapaswa kulingana na bei ya kukosea. Na kwa vijana ushahidi upo, tena wa kulinganisha vizuri: mwaka 2010 watafiti walilinganisha Alberta, ambako watoto wa miaka 11 na 12 waliruhusiwa kupigana vikumbo, na Quebec, ambako hawakuruhusiwa. Hatari ya kuumia, pamoja na mtikisiko wa ubongo, ilikuwa kubwa zaidi ya mara tatu Alberta. Mwaka uliofuata chama cha hoki cha Marekani kiliondoa vikumbo kwa umri huo, na Kanada ikafuata 2013.

Kwa wakubwa, wanaosema "ni watu wazima, wanajua wanachokifanya" nao wana sehemu ya ukweli. Mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari. Lakini mtu aliyetikiswa ubongo dakika ile ndiye mtu asiyefaa kuamua kama arudi uwanjani, maana chombo cha kuamulia ndicho kilichoumia. Ndiyo maana napenda utaratibu wa watazamaji wa ligi wanaokaa mbali, wakiangalia skrini, wenye mamlaka ya kumtoa mchezaji akapimwe. Desemba 2016 walimtoa Connor McDavid, mchezaji bora wa kizazi chake, katika mchezo dhidi ya Minnesota baada ya kidevu chake kupiga barafu. Alikasirika waziwazi, alisema anajisikia vizuri. Sijali kama kweli alikuwa mzima. Mtazamaji yule hakuwa na timu, hakuwa na mkataba unaongojea, hakumtegemea McDavid afunge bao. Ningetaka watu wa namna ile wapewe nguvu zaidi, na kikumbo kinachogusa kichwa kiadhibiwe kwa kugusa kichwa, bila ligi kwenda kutafuta nia ilikuwa nini, kama fimbo iliyopanda ikampiga mtu usoni inavyoadhibiwa hata kama mwenyewe hakukusudia.

Mchujo wa mwaka 2025 ulianza Jumamosi, tarehe 19 Aprili. Wiki hiyo jirani yangu, Mkongo kutoka Bukavu, alinijia na swali lake mwenyewe. Mwanawe alikuwa na miaka 11, ameanguka kwenye mapenzi ya barafu kama watoto wote wa hapa, na shule yao ilikuwa inaandikisha. "Kaka, wewe unaujua huu mchezo. Nimuache?" Nilimwambia amwache, kwa umri huo vikumbo vimekatazwa, mtoto atateleza na kucheka. Alinyamaza kidogo, akauliza: na akifika kumi na tatu? Sikuwa na jibu la kumtosha. Tulikubaliana kwamba siku ya kwanza ya mazoezi yenye vikumbo tutakwenda wote wawili, tukae karibu na mlango wa benchi, tuone kocha anafanya nini mtoto wa kwanza atakapobaki chini.